Jina la Kwanza Kwenye Shuka

Wenzake wa chumba cha kufulia walimwita Bi Pasi, na wala si kwa sababu ya kupiga pasi, maana pale kila mtu alipiga pasi. Walimwita hivyo kwa sababu alikuwa anapata moto upesi na kupoa kwa taabu. Ukimgusa vibaya saa mbili asubuhi, mpaka saa tisa bado anafuka.

Hospitali aliyofanyia kazi ilikuwa kubwa, lakini chumba chake kilikuwa nyuma kabisa, kati ya tangi la maji na tanuri la kuchomea taka. Kulikuwa na mashine nne, moja ikiwa mbovu kwa muda mrefu hivi kwamba watu waliigeuza kabati la vikombe. Mashuka yalikuja kwa toroli, yamefungwa mafundo, na kabla ya kufuliwa yalipekuliwa, maana shuka la hospitali haliji peke yake. Mle ndani mlikuwa na mikasi, vijiko, soksi moja moja, meno ya bandia. Siku moja ilitoka barua ya mapenzi, Msimamizi akaisoma kwa sauti, na kabla ya saa sita wauguzi wa wodi mbili walikuwa wameshakuja kuomba kuisikia tena.

Bi Pasi aliingia humo akiwa na miaka kumi na tisa, akidhani atakaa mwaka mmoja. Akaolewa, akaachika, akazika wazazi, akamzika na kaka yake, na bado alikuwa anapekua mashuka. Alikuwa sasa na miaka arobaini na minane, viganja vyake vimekuwa laini na vyeupe kwa sabuni kama vya mtu asiyefanya kazi kabisa. Jambo hilo lilimkera. Alisema mikono yake inamsingizia.

Mwenzake wa kukunja alikuwa wifi yake, mjane wa yule kaka. Shuka la kitanda halikunjwi na mtu mmoja likatoka sawa. Mnashika wawili, pembe kwa pembe, mnavuta, mnakung'uta mara moja mpaka lilie, kisha mnakutana katikati na mmoja anapokea pembe za mwenziwe. Bi Pasi na wifi yake walikuwa wamekutana katikati hivyo kwa miaka ishirini na miwili, mara mia mbili kwa siku. Hawakuwa na haja ya kutazama mikono. Walitazamana usoni, wakasengenya.

"Wifi, leo una sura ya mtu aliyelala kwenye ngazi."

"Nimelala chumba kimoja na wewe, wifi. Afadhali ngazi. Haikoromi."

Nyumbani walikuwa na vyumba viwili. Kimoja cha kupikia na kukaa, kingine cha kulala kilichogawanywa kwa pazia: upande huu Bi Pasi, upande ule wifi na binti yake wa miaka kumi na sita. Binti huyo alikuwa anasoma kwa bidii ya kutisha. Alisoma hata maandishi ya nyuma ya boksi la sabuni.

Jambo ambalo hakuna mtu mwingine hospitalini aliyelijua ni kwamba wifi alizaliwa ng'ambo ya mpaka. Kaka yake Bi Pasi, aliyekuwa dereva wa malori, ndiye aliyemleta, akiwa bado msichana. Ndoa yao iliandikwa na mzee wa mtaa kwenye karatasi ya daftari, ikawekewa sahihi nne, na karatasi yenyewe ililowa mwaka wa tatu paa lilipovuja. Alipoombewa kazi, Bi Pasi ndiye aliyemjazia fomu. Kwenye nafasi ya mahali pa kuzaliwa aliandika mji wao wenyewe, akapuliza wino ukauke, mambo yakaisha. Lafudhi ya kwao ilikuwa imeshamtoka wifi. Ilibaki kidogo tu alipokuwa anahesabu kwa haraka.

Kisha ikaja sheria.

Waliisikia redioni, kwenye ile redio iliyokaa juu ya rafu ya sabuni. Mgeni yeyote mwenye kazi ya umma aache kazi. Mgeni yeyote ajiandikishe ndani ya siku thelathini, aonyeshe vyeti vyake vya asili, kisha akasubiri uamuzi nje ya nchi. Na mgeni ni nani? Ni yeyote aliyezaliwa nje na hana cheti cha uraia, hata awe amekaa miaka mingapi. Msomaji wa habari aliyasema hayo kwa sauti ile ile aliyotumia kusema kutakuwa na mvua.

Wifi alikuwa ameshika pembe mbili za shuka. Alikung'uta, akaja katikati, akapokea vibaya. Pembe moja ikaanguka sakafuni.

"Hilo lirudi kufuliwa," akasema, akalitupa kwenye toroli.

Hasira ya watu haikuanzia kwenye siasa. Ilianzia wodi ya watoto. Nesi mkuu wa pale, mwanamke mnene mwenye sauti ya kubembeleza hata daktari, alionekana anatoa vitu vyake kabatini. Akina mama waliokuwa wamelaza watoto wakamuuliza anakwenda wapi, akawaambia. Wakakaa chini koridoni, wote, na watoto wao mapajani, wakasema haendi mtu. Kesho yake wapishi wakafunga jiko kwa saa nzima. Keshokutwa Katibu wa chama cha wafanyakazi akaitisha mkutano kwenye maegesho ya magari ya wagonjwa. Alikuwa mtu mwembamba mwenye kipaza sauti ambacho hakukihitaji hata kidogo.

Si wote waliokubaliana. Mbeba machela mmoja alisimama akasema, "Lakini tuseme ukweli. Kazi hizi vijana wetu wanazitaka."

"Vizuri," Bi Pasi akamjibu kutoka nyuma. "Kesho mlete kijana wako apekue mashuka ya chumba cha upasuaji. Nitamwachia na aproni yangu. Mwambie asile kwanza."

Watu wakacheka, na mbeba machela akacheka nao kwa kulazimika. Kicheko kile kilimpa Bi Pasi kichwa. Akapita mbele. Akasema tatizo ni kwamba watu wanasikia neno wageni wanafikiri ni viumbe wa mbali huko, wenye mapembe. Hawajui kwamba mgeni ndiye aliyewachemshia maji ya kuoga jana.

"Tuwaandike," akasema. "Jina na kazi. Tutundike getini. Kila anayeingia ajue nani anafukuzwa, na akilala kitandani ajue ni nani hatamfulia shuka."

Maegesho yote yakalipuka kwa makofi. Katibu alimkumbatia.

Mchana ule Bi Pasi alichukua shuka kubwa lililostaafishwa kwa sababu ya tundu la pasi, akalitandaza kwenye meza ya kukunjia, akaleta wino wa alama. Ni wino wanaoandikia majina ya wodi pembeni mwa mashuka, mweusi, mzito, uliotengenezwa ili uchemshwe mara mia mbili na usitoke. Kabla watu hawajaanza kuja alikaa mbele ya weupe ule wote kwa muda, kalamu mkononi.

Wifi yake hakuwepo. Ilikuwa siku yake ya kupumzika.

Alifikiri hivi: nitawaandika watoto wa watu, nimfiche wa kwangu? Nitamwambia nesi wa watu simama ujulikane, huku wa nyumbani nimemfunika na nguo? Aliona haya. Na zaidi ya haya kulikuwa na mapenzi. Katika watu wote aliowajua hakuna aliyekuwa amefanya kazi kama yule. Alitaka hilo lionekane. Basi akaandika juu kabisa, kwa herufi kubwa kuliko zote, majina matatu ya wifi yake, na chini yake: mfuaji, miaka ishirini na miwili.

Kisha wengine wakaja mmoja mmoja, kwa miguu yao na kwa midomo yao. Wapishi, wafagiaji, fundi wa mabomba, madaktari wawili, yule nesi. Wengine walifikiri, wakaondoka, wakarudi. Mmoja aliondoka asirudi, na hakuna aliyemsema. Ilipofika jioni majina yalikuwa arobaini na moja.

Asubuhi wifi alikuta umati getini. Watu waliokuwa wamefanya naye kazi miaka kumi walimkimbilia, wakamshika mikono. "Kumbe na wewe, dada. Na ulikuwa kimya. Una moyo wewe." Msimamizi alimletea chai mwenyewe, kitu ambacho hakijapata kutokea. Wifi aliwashukuru wote. Siku nzima alikunja mashuka bila kukosea pembe hata moja, na bila kusengenya mtu.

Nyumbani, akimpigia binti yake sare pasi, ndipo aliposema.

"Umeniandika, wifi."

"Nimekuandika wa kwanza."

"Nimeona. Kusoma najua."

"Watu mia saba wako nyuma ya lile shuka. Nani atathubutu kukugusa?"

"Miaka ishirini na miwili hakuna aliyethubutu, maana hakuna aliyejua."

"Sasa ulitaka niandike wengine, wewe nikuruke?"

Wifi aliigeuza sare, akaanza upande wa pili. "Nilitaka uniulize."

Bi Pasi alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza moto haukutoka. Akasema, "Basi nitalifuta."

"Kwa dawa gani?"

Wakatazamana. Wote wawili waliujua ule wino. Wakaanza kucheka, wakacheka mpaka binti akachungulia kwenye pazia kuuliza kuna nini, na hakuna aliyeweza kumwambia.

Bi Pasi angeweza kulitoa shuka zima getini. Alilifikiria hilo akiwa kitandani, na alfajiri aliondoka nyumbani akiwa ameshaamua. Lakini alipofika alikuta watu wanapiga picha. Picha ya lile shuka ilikuwa imeshapita simu kwa simu. Sokoni wametundika la kwao, kiwanda cha mabati wametundika, stesheni wametundika mawili. Gazeti lilimwandika kuwa ni mama wa shuka. Utalishushaje shuka mbele ya watu wanaolipigia makofi? Akajiambia kwamba jambo kubwa namna hii haliwezi kuguswa. Akalikaza kamba.

Siku ya tisa tangu shuka litundikwe, saa nne asubuhi, yalikuja magari mawili ya idara ya uhamiaji.

Maofisa wale hawakupiga mtu. Walikuwa na adabu, na hilo ndilo lililowachanganya watu. Mkubwa wao alikuwa ameshika karatasi pana, na kwenye karatasi kulikuwa na picha ya shuka, imekuzwa, kila jina linasomeka. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba idara yenyewe haikuwa na orodha yoyote ya hospitali ile. Fomu za zamani ziliozea stoo, na hata zingekuwepo zisingewaambia kitu. Orodha waliyokuwa nayo ndiyo hiyo moja. Wakaanza juu.

Bi Pasi na wifi yake walikuwa wamelivuta shuka katikati yao wakati mlango ulipofunguliwa. Ofisa alisimama kizingitini ili asiloweshe viatu. Akasoma majina matatu.

"Huyo yuko likizo," Msimamizi akasema haraka. Msimamizi, ambaye hakuwahi kumtetea mtu hata kwa kuchelewa dakika tano.

"Na wewe, mama?" ofisa akamuuliza Bi Pasi.

"Ndiye mimi," Bi Pasi akasema. "Hilo jina ni langu. Nichukueni."

Ofisa akainama kidogo, akakisoma kitambulisho kilichokuwa kimening'inia shingoni kwake, chenye picha yake na jina lake mwenyewe. Hakucheka. Alisema tu, "Samahani, mama," na kumgeukia yule mwingine.

"Acha, wifi," wifi akasema. "Tumalize hili." Akaja katikati, akampa pembe zake, akalainisha mkunjo kwa kiganja, akaliweka juu ya rundo. Akavua aproni. "Kesho mtoto ana mtihani wa hesabu. Asiende bila kula, atasema hana njaa, mwongo yule."

Walichukua watu kumi na wanane, wakawapeleka ng'ambo ya mpaka. Wangechukua wote arobaini na mmoja, lakini kusoma orodha kutoka juu kunachukua muda, na habari hutembea koridoni haraka kuliko viatu. Walioandikwa chini walipata nafasi ya kutokea mlango wa jikoni. Nesi wa watoto alikuwa wa thelathini na tatu. Alinusurika.

Baada ya hapo ndipo nchi ilipowaka. Wafanyakazi wote waligoma isipokuwa wa dharura. Barabara ya hospitali ilijaa watu kutoka kiwandani, sokoni, shuleni. Ndugu za wagonjwa walileta mashuka kutoka nyumbani, ya maua, ya mistari, ya watoto, na mengi yao yaliishia kwenye maandamano yakiwa na maandishi. Mawaziri wawili walitoa kauli zilizopingana siku moja. Wafanyabiashara waliokuwa kimya wakaanza kukohoa, kisha kusema. Siku ya ishirini na sita, redio ile ile, kwa sauti ile ile, ikatangaza kwamba sheria imefutwa.

Watu walicheza kwenye maegesho. Katibu alilia hadharani, akamshika Bi Pasi mkono kumpandisha juu ya meza aseme neno.

"Sema wewe," Bi Pasi akamwambia. "Mimi nina safari."

Safari yake ilikuwa dirisha namba nne la idara ya uhamiaji. Alipanga foleni kwa saa mbili na nusu. Karani alikuwa kijana nadhifu, karatasi mezani kwake zimepangwa kama matofali.

"Sheria si imefutwa?"

"Imefutwa, mama. Kuanzia jana."

"Basi arudi."

Karani akaangalia kwenye kompyuta, muda mrefu, kwa nia njema. "Huyu aliondolewa kabla ya jana. Aliondolewa kihalali, maana sheria ilikuwepo. Akitaka kurudi aombe upya kama mgeni anayekuja mara ya kwanza. Ana cheti cha kuzaliwa?"

"Kwao wakati ule nani alikuwa anatoa vyeti?"

"Mume raia?"

"Amekufa."

"Ana cheti cha ndoa?"

"Kililowa."

"Mtoto raia?"

"Yupo. Wa miaka kumi na sita."

"Basi kuna njia," karani akasema, akafurahi kweli. "Akifika kumi na minane anaweza kumwombea mama yake. Miaka miwili, na muda wa kusikiliza ombi."

"Muda gani?"

"Hapo siwezi kukudanganya, mama." Akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Samahani, wewe si yule wa shuka? Nyumbani kwetu mlitutoa machozi wote. Mlifanya jambo kubwa sana."

Bi Pasi alikusanya karatasi zake. Alitaka kumtukana, akatafuta tusi, akakosa la kumfaa.

Alifika nyumbani saa kumi na moja jioni. Binti alikuwa amekaa mezani na daftari. Tangu mama yake achukuliwe alikuwa amebadilika, lakini si kwa namna ambayo Bi Pasi aliogopa. Hakulialia. Alitembea kichwa juu. Shuleni walijua ni mtoto wa nani, na walimu walimtaja mstarini. Kila siku saa kumi na mbili mama yake alipiga simu kutoka ng'ambo, wakaongea, kisha wifi akaomba apewe Bi Pasi, wakataniana dakika tatu kama zamani mpaka salio likakata.

"Shangazi, nisaidie kidogo," binti akasema. "Mwalimu anataka insha juu ya mtu jasiri. Nimeandika ya mama. Nimefika pale alipokuja kukwambia umwandike wa kwanza. Alisema maneno gani hasa? Nataka kuyaweka kama alivyosema."

Kalamu ilikuwa tayari juu ya mstari. Bi Pasi alitazama insha ile, kurasa mbili zimejaa, mwandiko umelala upande mmoja kwa haraka ya furaha. Ingekuwa rahisi. Neno moja tu la kishujaa lingetosha, na wifi asingelikanusha.

"Hakusema kitu," akajibu. "Hakuwepo. Nilimwandika mwenyewe."

"Alikutuma?"

"Hakunituma. Sikumuuliza."

Binti hakuweka kalamu chini. Alibaki ameishika. "Kwa hiyo yeye hakutaka."

"Hakutaka."

"Na anajua ni wewe."

"Tangu asubuhi ile ile."

Binti akafikiri. Alikuwa na tabia ya kufikiri huku midomo inacheza, kama mtu anayekokotoa hesabu. "Lakini kila siku mnacheka kwenye simu."

"Tunacheka."

"Anacheka," binti akasema taratibu, "kwa sababu mimi nimebaki kwako."

Bi Pasi alikaa kwenye kiti cha pili. Hilo alikuwa analijua mwenyewe. Tangu simu ya kwanza, pengine. Binti alizichana zile kurasa mbili, si kwa hasira, akizishikilia na rula ili daftari lisiharibike. Akaanza ukurasa mpya. Aliandika kichwa cha habari, akapigia mstari. Ilikuwa insha ya mwanasayansi fulani wa kitabuni.

Saa kumi na mbili simu iliita. Binti akaiwahi.

"Shikamoo, mama. Ndiyo, nimekula. Kweli nimekula. Ndiyo, wamefuta, tumesikia, watu wanacheza huku." Akamsikiliza kidogo, macho yake yametulia usoni kwa Bi Pasi. "Bado hatujajua lini. Shangazi alienda kuuliza. Ee, yupo. Ananitunza vizuri," akasema, na sauti yake ilikuwa tamu kabisa. "Siku hizi hafanyi kitu bila kuniuliza."

Kisha akamnyooshea Bi Pasi simu, akarudi kwenye daftari lake.